Umbo au Ukoo? Batisi wa Kariandusi na Suala la Uainishaji

Suala la uainishaji ni miongoni mwa masuala yanayowasumbua sana wanafunzi wa Kiswahili. Tuchukue nomino 'kiboko'. Husemwa 'kiboko kimevunjika' kwa maana ya fimbo, na 'kiboko amezama' kwa maana ya mnyama. Anayetazama kiambishi awali huziweka nomino hizi zote katika ngeli ya KI-VI. Anayetazama upatanisho wa kisarufi huzitenga, moja ikabaki KI-VI na nyingine ikaenda A-WA. Tangu Wilhelm Bleek alipozipa nambari ngeli za lugha za Kibantu katika karne ya 19, wanaisimu wamekuwa wakivutana baina ya umbo, maana na upatanisho. Wataalamu wa ndege nao wamepitia mvutano unaofanana na huu, na matokeo yake ni funzo kwa wanaounda istilahi za Kiswahili.

Katika migunga ya Kariandusi, karibu na Ziwa Elementaita, huishi ndege mdogo mwenye macho ya manjano aitwaye kitaalamu Batis molitor. Dume ana mkanda mweusi kifuani. Jike ana mkanda wa rangi ya kutu pamoja na doa la rangi hiyo hiyo kidevuni. Mdomo wake ni mpana kidogo na umezungukwa na vinyweleo, na chakula chake ni wadudu anaowadaka majanini au hewani. Kwa sababu ya umbo na tabia hizo, jenasi ya Batis, iliyopewa jina na Friedrich Boie mwaka 1833, iliwekwa kwa muda mrefu katika familia ya Muscicapidae, yaani wakamata nzi. Vitabu vya Kiingereza vya katikati ya karne ya 20 kuhusu ndege wa Afrika Mashariki viliwaita hivyo pia.

Uchunguzi wa chembe za urithi uliubomoa uainishaji huo. Kazi ya Charles Sibley na Jon Ahlquist, iliyochapishwa mwaka 1990, iliwaweka ndege hawa mbali na wakamata nzi, karibu na vanga wa Madagaska, na tafiti zilizofuata zimelithibitisha jambo hilo. Leo batisi wamo katika familia ya Platysteiridae, katika tawi moja kubwa na kunguru, ilhali wakamata nzi halisi wamo katika tawi jingine. Wahenga walisema mwana wa nyoka ni nyoka. Hawakusema afananaye na nyoka ni nyoka.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 2006 Jon Fjeldså, Rauri Bowie na Jacob Kiure walionyesha kwamba batisi wa misitu ya milima ya Tanzania waliodhaniwa kuwa spishi moja walikuwa spishi mbili. Ile mpya ikaitwa Batis crypta, yaani iliyofichika. Umbo liliwahi kuwaunganisha wasio wa ukoo mmoja. Hapa likaficha tofauti za wanaofanana.

Hoja inayotokana na haya ni kwamba istilahi ya Kiswahili isiwe tafsiri ya sisisi ya jina la Kiingereza. Mfasiri anayekutana na batisi katika kitabu cha zamani akamwandika 'mkamata nzi' huwa ameingiza katika Kiswahili uainishaji ambao Kiingereza chenyewe kimekwisha kuuacha. Mwanafunzi atakayesoma baadaye atalazimika kujifunza kosa kwanza, kisha masahihisho. Ni afadhali kutohoa 'batisi' na kuipatanisha katika A-WA: batisi huyu, batisi hawa.

Wapo watakaosema kwamba jina ni alama tu. Watatoa mfano wa Kariandusi penyewe, ambapo Louis Leakey alianza kuchimbua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashoka hayo huhesabiwa katika utamaduni wa Kiacheuli, jina litokanalo na Saint-Acheul nchini Ufaransa, ingawa mashoka ya zamani zaidi ya aina hiyo, yenye umri wa takribani miaka milioni 1.76, yamepatikana Kokiselei, magharibi ya Ziwa Turkana. Mfano huo ni wa kweli, lakini unathibitisha kinyume cha wanachodai: jina likishaota mizizi haling'oki kwa urahisi, hata ushahidi ukibadilika.

Hapana haja ya kumkataza mchungaji wa Elementaita kumwita ndege kwa kile anachokiona. Jina la kawaida lina haki ya kufuata jicho. Istilahi ina wajibu mwingine, nao ni kufuata nasaba. Istilahi nyingi za ndege katika Kiswahili bado hazijaota mizizi, na kwa hiyo nafasi ya kuchagua ingalipo. Mwanafunzi aliyekwisha kutambua kwamba viboko wawili wa umbo moja si wa ngeli moja anayo tayari nyenzo ya kazi hiyo.