Pointi za mezani zipo hadi kwenye theluji

Oktoba 28, 2023, mjini Sölden nchini Austria, Ragnhild Mowinckel wa Norway alishuka mlima mara mbili, muda wake ukajumlishwa na akajikuta ndani ya kumi bora. Ulikuwa mwanzo mzuri wa msimu kwa mwanadada mwenye medali mbili za fedha za Olimpiki ya 2018. Siku haijaisha, akafutwa. Hakukosea njia, hakumsukuma mtu, hakula dawa za kusisimua misuli. Kosa lilikuwa chini ya skii zake: kipimo kilikuta florini.

Mowinckel akawa wa kwanza kuondolewa kwa sheria mpya ya Shirikisho la Kimataifa la Skii (FIS) inayopiga marufuku nta yenye kemikali hiyo. Shabiki wa soka wa huku anaweza asijue skii inavaliwaje, lakini sakata la namna hii analijua vizuri. Anakumbuka mwaka 2017, Simba walipopewa pointi tatu dhidi ya Kagera Sugar kwa madai ya mchezaji mwenye kadi tatu za njano, kisha pointi hizo zikarudishwa zilikotoka. Pointi za mezani, basi.

Tofauti ni kwamba kwenye skii meza ni meza kweli, ya mbao au ya chuma, na mechi kubwa inachezwa hapo kabla mchezaji hajaamka.

Upande wa chini wa skii, na hata ule ubao mpana wa kusimama kwa miguu miwili, ni plastiki ngumu inayonyonya nta ikipata joto. Bila nta inakauka na kung'ang'ania theluji. Kwa hiyo kati ya safari moja na nyingine fundi anaulaza ubao mezani, anausugua kwa brashi, anayeyusha nta kwa pasi na kuidondosha juu yake, anapiga pasi taratibu, anaacha ipoe, anaikwangua, halafu brashi tena. Theluji ya baridi kali inataka nta ngumu, theluji ya majimaji inataka laini. Kingo za chuma zinanolewa kwa tupa. Msimu ukiisha, anapaka nta nene na kuiacha hivyo hivyo bila kuikwangua, ili plastiki isikauke na chuma kisishike kutu hadi theluji irudi.

Anayedhani hayo ni mambo madogo awaulize Wanorway kuhusu Sochi 2014. Wababe wa skii za masafa walikwenda kwenye Olimpiki ile na kutoka bila medali kwenye mbio za kupokezana, wanaume wa nne, wanawake wa tano. Lawama hazikwenda kwa makocha wala mapafu ya wachezaji. Zilikwenda kwa mafundi wa nta.

Florini ndiyo ilikuwa silaha ya kazi hiyo. Inakataa maji kabisa, na kwenye theluji iliyolowa skii yenye florini inakwenda kama imetiwa mafuta. Kichupa kidogo cha unga wake kiliuzwa zaidi ya dola 100, na timu tajiri zilikimwaga kama chumvi. Shida ni kwamba ni ndugu wa zile kemikali zinazoitwa za milele, kwa sababu haziozi. Zinabaki kwenye theluji, zinaingia kwenye maji na udongo. Hata mafundi wenyewe, waliovuta moshi wa pasi miaka nenda rudi, walipopimwa damu walikutwa nazo kwa kiwango cha kutisha.

FIS ilitangaza marufuku Novemba 2019, ianze msimu wa 2020/21. Ikaahirishwa, kwa sababu mashine ya kupimia haikuwa tayari, na sheria ikaanza kuuma msimu wa 2023/24. Hapo hakuna ubishi, sheria ni ya haki.

Ubishi uko kwenye nani anayelipa. Florini haitoki kirahisi. Skii iliyopakwa miaka mitatu iliyopita inaweza bado kuwa nayo ndani ya plastiki yake. Brashi iliyotumika zamani inaihamisha, pasi vivyo hivyo, hata meza yenyewe. Fundi anaweza kupaka nta safi mia kwa mia, akachukua brashi isiyo sahihi, na mchezaji akaondoka na doa asilolijua. Upande wa Norway ulisisitiza kwamba hakukuwa na nia ya kudanganya pale Sölden. Kipimo hakiulizi nia, kinasoma kilichopo.

Na ukweli usemwe, kisingeweza kuuliza. Ukimsamehe mmoja kwa sababu ya brashi chafu, kesho timu zote zitakuja na hadithi ya brashi chafu. Soka nako ni hivyo hivyo, klabu ikikosea karatasi inapokwa pointi hata kama mshambuliaji wake alifunga mabao matatu halali. Ila huko maumivu wanagawana watu zaidi ya 20 na benchi zima. Kwenye skii anaumia mmoja, na si yeye aliyeshika pasi.

Kilichobadilika zaidi ni bei ya usafi. Timu yenye hela ilitupa zana za zamani, ikanunua brashi mpya, pasi mpya na skii ambazo hazijawahi kuguswa na florini. Norway kwenye mbio za masafa wana lori zima ambalo ni karakana ya nta inayotembea. Timu ndogo inayookoteza skii za mitumba inanunua na historia ya mtu mwingine ndani yake, na haiwezi kuiona kwa macho.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mkenya Philip Boit alikwenda Nagano 1998, mbio za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie, ambaye alimsubiri mstarini kumkumbatia. Watu wanakumbuka lile kumbatio, na ni zuri. Leo Boit angehitaji pia mtu wa kumhakikishia kwamba kila kitu kilichogusa skii zake kabla ya siku hiyo kilikuwa safi, na huduma hiyo ina bei yake.

Mowinckel alimalizia msimu ule na kustaafu Machi 2024. Kwenye matokeo ya Sölden jina lililofutwa ni lake peke yake. La fundi halimo, maana mafundi hawaandikwi.