Glovu za mota zifike na kwetu Rwezamenyo, Kigali

Nimesoma makala kuhusu glovu zenye mota zinazomsaidia mgonjwa wa distrofi ya misuli kufunga vidole. Naomba niongeze jambo moja. Mgonjwa wa distrofi ya misuli si sawa na mtu aliyekatwa mkono. Mkono wake upo, na ubongo bado unautuma; tatizo ni msuli kukosa nguvu. Hapa mtaani kuna kijana wa jirani mwenye Duchenne, aina mojawapo ya distrofi hiyo. Akitaka kunywa chai huegemeza viwiko mezani, kisha huinamisha kichwa kukifuata kikombe. Ukimshika kigasha anapojaribu kukunja vidole, unausikia msuli ukijikaza kidogo ingawa vidole havifungi. Mkazo huo mdogo hutoa umeme ambao sensa zilizobandikwa kwenye ngozi zinaweza kuusoma, zikaiamuru mota ya glovu ifunge vidole.

Lakini ugonjwa huu hausimami. Ishara ya leo siyo ya mwakani, hivyo kifaa lazima kirekebishwe mara kwa mara. Kukiagiza ng'ambo bila fundi wa karibu ni kupoteza pesa. Ujuzi tunao hapa Rwanda: HVP Gatagara inahudumia watu wenye ulemavu tangu 1960, na Mulindi Japan One Love ilianza kutengeneza viungo bandia Kigali mwaka 1997. Wizara ya Afya na vyuo vyetu wawashirikishe mafundi wa vituo hivyo tangu mwanzo.

Na nyie wazazi wa watoto wenye ugonjwa huu, msingoje glovu. Mazoezi ya kunyoosha vidole yaanze sasa, kwa maelekezo ya mtaalamu wa viungo, maana vidole vikishakakamaa ni vigumu kwa mashine yoyote kuvifungua.