Soli iliyopukutika mbele ya wageni

Mama mmoja wa Ifakara ameniandikia ujumbe mrefu kwa simu. Kwa ruhusa yake naufupisha hapa, kwa sababu najua nyumba nyingi za bonde la Kilombero zina sanduku kama lake.

Mume wake alifariki miaka saba iliyopita. Walipoanua matanga nguo ziligawanywa kwa ndugu kama ilivyo desturi, lakini viatu vyake vyeusi vya ngozi, vile vya kanisani na vya vikao, havikumtosha yeyote. Mama akavipiga kiwi, akavifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni na kuviweka chini kabisa ya sanduku. Mwaka huu binti yao mkubwa anaolewa. Siku ya sendofu, mdogo wake wa kiume, kijana wa miaka 22, ndiye aliyepangwa kumwingiza dada yake ukumbini kwa niaba ya baba. Mguu wake sasa unalingana na wa marehemu. Akavivaa. Hawajafika hata meza kuu, soli ya kulia ikaanza kukatika vipande, ya kushoto ikafuata, na nyuma yao pakabaki mstari wa makombo meusi. MC akatia mzaha, ukumbi mzima ukacheka.

Kicheko kingeisha usiku uleule. Kilichobaki ni neno la shangazi mtu: marehemu amekataa. Hataki viatu vyake vivaliwe, na huenda hata ndoa yenyewe haitaki. Tangu siku hiyo binti analia, kijana anasema hatavigusa tena, na harusi imebakiza wiki tatu. "Anti," anauliza mama, "nivichome, au nifanyeje?"

Nilimjibu siku hiyohiyo: usivichome, dada yangu. Kwanza nitumie picha.

Picha zilionyesha nilichokuwa nakifikiria. Ngozi ya juu nzima, haina ufa hata mmoja, kamba zipo, ndani pasafi. Kilichokufa ni soli peke yake. Viatu vingi vya ofisini vya kiwandani huwekewa soli ya plastiki yenye povu ndani, inayoitwa poliyurethani. Ni nyepesi na haichoshi mguu, na mtu akiiangalia kwa haraka anadhani ni mpira. Adui yake ni unyevu. Mvuke wa maji ulio hewani huingia ndani yake polepole na kukata viungo vinavyoishikilia, mwaka baada ya mwaka, bila kuonyesha dalili nje. Soli inang'aa kama mpya, lakini siku ukiikanyaga inavunjika kama andazi la juzi. Kiatu kinaweza kufika hapo hata kama hakijawahi kutoka nje ya boksi. Wapanda milima wa Ulaya wanaijua sana shida hii, maana buti iliyokaa stoo miaka kadhaa huwaachia soli yake njiani, mbali na gari.

Sasa chukua kiatu cha namna hiyo ukiweke Ifakara. Bonde la mpunga, mto, mafuriko, joto, mvua zinazoweza kuanza Novemba zikaenda hadi Mei. Kisha kifunge ndani ya nailoni, ambako unyevu uliomo hauna pa kutokea. Mama huyu alifanya kile ambacho karibu kila mjane angefanya kwa upendo, na wala hakuna sababu ya kujilaumu.

Kuhusu shangazi, sikumshauri mama aende kubishana na wifi yake. Tambiko na kauli za wazee ni mambo ya ukoo, yana mahali pake, na mama aliyefiwa na mume hana haja ya kuanzisha vita na dada wa marehemu wiki tatu kabla ya harusi. Nilimwambia amtume kijana kwa fundi viatu, na ikiwezekana shangazi naye aende. Mtu akiona kwa macho yake kiatu kikivuliwa soli, maneno hupungua yenyewe.

Lakini fundi gani? Hapa wengi wetu tunakosea kwa sababu ya bei. Fundi wa kupita anayebeba boksi lake begani anafaa sana kwa kandambili iliyokatika au mkoba wa shule. Kiatu cha heshima kinachohitaji soli nzima mpeleke aliyekaa mahali pamoja, mwenye kile chuma chenye umbo la mguu. Kabla hujamkabidhi, omba akuonyeshe kazi aliyomaliza. Angalia mshono: matundu yawe na nafasi sawa, uzi uwe umezama kwenye mfereji mdogo ili usisagwe na lami. Kisha muulize swali moja tu, "Utabandika au utashona?" Akisema atabandika tu, mshukuru uende kwa mwingine. Gundi peke yake kwa joto letu na matope yetu haina maisha.

Kazi yenyewe haiwezi kuisha ukiwa umesimama pale na boda inakusubiri. Soli ya zamani inakwanguliwa yote, hata vumbi lake, kwa kisu na msasa, maana gundi ikipakwa juu ya makombo itabanduka pamoja nayo. Gundi inapakwa pande zote mbili, ya kiatu na ya soli mpya, halafu inaachwa mpaka ukiigusa isishike kidole. Hapo ndipo pande hukutanishwa na kugongwa kwa nyundo. Baadaye ndiyo sindano na uzi wa nailoni uliopakwa nta, kisha kupunguza kingo na kuzipaka rangi. Mwache fundi akae nacho mpaka kesho yake. Anayetaka kukuwekea soli ya tairi kwenye kiatu cha suti mkatalie kwa adabu. Tairi ni nzito, halikunjiki, na litararua ngozi ya juu kabla lenyewe halijachoka. Omba soli ya mpira mwembamba. Ya ngozi inapendeza, ila si kwa matope yetu ya Machi.

Kuna viatu ambavyo fundi hawezi kuviokoa, na afadhali uambiwe mapema. Kunja kiatu kwa mkono. Ngozi halisi hupata mikunjo midogo na kurudi. Ya bandia hubanduka magamba, na ukichungulia pale ilipokatwa utaona kitambaa chini yake. Hiyo usiilipie soli mpya.

Nikiwaza viatu vya baba zetu, huwa nakumbuka kuwa mkoa wetu huuhuu wa Morogoro ulijengewa kiwanda kikubwa cha viatu miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, kikiwa na mitambo ya kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na mpango wa kuuza nyingi Ulaya. Hakikuwahi kuvuka hata asilimia 5 ya uwezo huo, na kufikia 1990 kilikuwa kimefungwa. Fundi mwenye nyundo yake moja chini ya mwembe ameendelea na kazi.

Kijana alikwenda. Shangazi naye akaenda, akakaa kwenye benchi na kanga yake bila kusema neno. Mama anasema fundi, mzee wa makamo, alipokea shikamoo ya kijana, akachukua kipande cha soli na kukisaga kwa vidole viwili mpaka kikawa unga. "Hii imeoza," akasema. "Baba yako alinunua ngozi nzuri." Soli na mshono viligharimu shilingi 18,000, na vikawa tayari siku ya tatu. Shangazi hajafuta kauli yake. Ila alimuuliza fundi kama anaweza kuziangalia sendo zake za Pasaka.

Harusi ni Jumamosi hii. Kijana amevaa viatu hivyo kila jioni nyumbani, kwa ushauri wangu, ili soli izoee mguu na kama kuna kasoro ionekane uani.

Na wewe mwenye viatu vya mtu kwenye sanduku, vitoe leo. Bonyeza soli kwa kucha ya dole gumba. Ikibaki na shimo, ikinata au ikitoa makombo, ujue imekwisha, na usisubiri siku ya shughuli. Ikiwa bado nzima, toa nailoni, jaza gazeti kavu ndani ya kiatu, kifunge kwa kitambaa cha pamba, na ukiweke juu ya kabati penye hewa. Mwezi mara moja mtu akivae, hata kama ni kwenda dukani tu.