Halua ya Waungwana, Kashata ya Makabwela

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa kuzingatiwa na kila anayevitazama vitamutamu vya kale vya Waswahili na kudhani kwamba hadhi ya kila kimoja imo katika ladha yake. Waama, sinia ya vitamutamu ni kioo cha matabaka, na Kiswahili ndicho kilichohifadhi majina ya matabaka hayo.

Mathalan, katika miji ya Mombasa na Lamu, halua ni chakula cha heshima. Huandaliwa harusini na siku ya Idi, ikateremshwa kwa kahawa chungu, na mgeni anayekaribishwa kwayo hujua kuwa ametukuzwa. Kashata, kwa upande wake, huandamana na muuza kahawa anayezunguka na dele lake huku akigonganisha vikombe. Wateja wake ni hamali, mvuvi na mzee wa barazani. Kahawa ni ile ile chungu. Kinachowatenga wanywaji ni kitamu kinachoandamana nayo.

Yamkini wapo watakaodai kwamba halua ilipata hadhi kwa kuwa ina asili ya Kiarabu. Ni kweli kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu na kwamba Waoman hujivunia halua yao hadi leo. Hata hivyo, hoja hiyo haina mashiko. Kaimati nayo ni jamaa ya luqaimat ya nchi za Ghuba, jina lenye maana ya vitonge vidogo. Mbona basi kaimati hukaangwa kando ya njia, ikatiwa shira na kuuzwa kwa bei ya makabwela? Asili pekee haikitukuzi chakula.

Kinachokitukuza ni gharama na jasho. Halua hudai samli, iliki, zafarani na lozi. Hudai pia mkono wa kuukoroga wanga na sukari juu ya moto kwa muda mrefu bila kupumzika. Kashata hutosheka na nazi au njugu, sukari na dakika chache za mekoni. Fauka ya hayo, sukari yenyewe ina historia chungu. Katika karne ya 19, mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa, na katika nyumba za matajiri wa pwani kazi za jikoni zilikuwa za watumwa vilevile. Katika pwani ya Kenya, sheria haikuufuta utumwa hadi mwaka wa 1907. Basi tamu ya waungwana ilitokana na mikono ya wasiokaribishwa zuliani.

Huenda mtu akasema kwamba mapishi ni somo la idara nyingine, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ashughulike na ngeli na tamathali. Kauli hiyo ni ya kupotosha. Fasili inayosema tu kwamba kashata ni kitamu cha nazi au njugu hueleza viungo ikamsahau mlaji. Haisemi nani huila, wapi, wala kwa nini mwenye harusi angeona haya kuiweka mbele ya wakwe. Maana hiyo iliyofichika ndiyo kitovu cha isimujamii.

Aidha, leo keki ya ghorofa kadhaa imekuwa alama ya ukwasi katika harusi nyingi nchini, nayo yasimulia hadithi ile ile kwa jina jipya. Kabla halua na kashata hazijabaki majina matupu kamusini, wanafunzi wa Kiswahili wachukue daftari zao, wakaketi na wapishi na wauza kahawa, wawasikilize. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini anayeishika asili bila kuuliza ni nani aliyeushika mwiko, huyo naye hajawa huru.