Kuuliza Hesabu si Utovu wa Adabu

Miongoni mwa malalamiko yanayoifikia meza yetu kutoka Unguja na Pemba, mengi yanafanana hata mtu akadhani yameandikwa na mkono mmoja. Mwananchi ameletewa hati ya malipo ya maji iliyozidi mara tatu ile ya mwezi uliopita. Nyumba ni ileile, watu ni walewale, bomba ni lilelile. Amekwenda ofisini, amesubiri tangu saa mbili asubuhi, na alipofika dirishani akajibiwa kwa maneno manne: “Lipa kwanza, halafu ulalamike.” Akalipa. Hakurudi tena kulalamika, kwa kuwa fedha yake imekwisha ingia sandukuni na hana tena cha kushikia.

Sisi tunayapinga maneno manne hayo. Anayedai ndiye anayepaswa kulithibitisha deni lake. Mahakama zetu za kadhi humtaka mdai alete ushahidi kabla ya mdaiwa kuamriwa atoe hata senti moja, na mahakama nyingine zinazoendesha kesi za madai hufanya vivyo hivyo. Kwa nini basi utaratibu huo ugeuzwe kichwa chini mara tu mdai anapokuwa ofisi yenye dirisha na mhuri?

Hebu tuipime hesabu yenyewe, maana mara nyingi hapo ndipo ukweli unapojitokeza. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mtu akidaiwa uniti 60 kwa mwezi, ameambiwa kwamba nyumba yake imetumia ndoo 3,000, sawa na ndoo 100 kila siku ya Mungu. Nyumba ya watu watano, isiyo na bustani wala biashara, ambayo maji yake hutoka usiku na kukatika alfajiri, itazitia wapi ndoo 100? Karani anayeiandika hati hiyo angelizidisha tu kwa 50, kisha akagawanya kwa siku 30, angelistuka yeye mwenyewe kabla ya mwenye nyumba.

Hatusemi kwamba kila hati kubwa ni ya uongo. Yako mabomba yanayovuja chini ya ardhi bila ya mwenyewe kujua, na maji yaliyokwisha pita kwenye mita ni ya mteja hata kama yamekwenda kunywesha migomba ya jirani. Njia ya kulijua hilo ni nyepesi: fungeni mifereji yote ya nyumba, kisha itazameni mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna uvujaji ndani, na hapo lawama si ya ofisi. Ikisimama kimya, basi mteja ana haki ya kuuliza namba iliyoandikwa kwenye hati ilisomwa siku gani na ilisomwa na nani. Aghalabu itabainika kwamba haikusomwa kabisa. Msomaji mita hakufika, au alikuta mlango umefungwa, na hati ikatolewa kwa kukisia. Kukisia kunaweza kusameheka mwezi mmoja. Kukiwa desturi ya mwaka mzima, hilo si deni tena, ni bahati nasibu ambayo mteja hakuomba kuicheza.

Tena wako wale wasio na mita, wanaolipa kiwango kimoja kila mwezi. Kwao lalamiko ni jingine, na kwa maoni yetu ni zito zaidi: wanalipia bomba lililokauka. Mama anayenunua maji ya mkokoteni kwa wiki tatu, kisha akatakiwa alipe kiwango kamili cha mwezi, amelipa mara mbili kwa maji aliyoyapata mara moja. Tungependa wenye dhamana watueleze ni mantiki gani inayolihalalisha jambo hilo.

Kwa upande wa umeme, mita za kulipia kabla zimeondoa ugomvi mwingi wa kukisia, na tunastahiki kuwapongeza waliozileta. Hata hivyo zimezaa ugomvi mpya. Mpangaji anaingia nyumbani, ananunua umeme kwa fedha yake, na anapata uniti pungufu kwa sababu mita hiyo ina deni la aliyehama. Deni ni la mtu, wala si la ukuta. Ofisi ina jina la aliyetumia na ina kumbukumbu za miaka, imfuate huyo. Na wenye nyumba nao wasijifiche: kumpangisha mtu chumba chenye mita iliyobeba deni bila ya kumwambia ni ulaghai.

Bandarini mambo yana sura yake. Abiria anayeteremka na godoro, gunia la muhogo au boksi la samaki hukutana na mtu anayelitazama furushi kwa jicho, akataja bei. Hakuna mizani, hakuna ubao wa viwango, na mara nyingi hakuna stakabadhi. Bei yenyewe hupanda kwa mgeni na kwa mzee, ikashuka kwa anayejulikana. Tunaijua kazi ngumu ya wachukuzi wetu na hatuwanyimi ujira wao wa halali. Lakini ujira wa mchukuzi ni kitu kimoja na ushuru wa bandari ni kitu kingine, na abiria ana haki ya kujua ni kipi anachokilipa na kinakwenda kwa nani. Fedha inayotolewa bila ya stakabadhi kwa jina la Serikali haiwezi kufuatiliwa na Serikali yenyewe. Kwa hiyo anayeathirika si abiria peke yake.

Sasa tuseme lile ambalo halisemwi. Sisi watu wa visiwani tuna ugonjwa wetu, nao unaitwa muhali. Karani wa dirishani ni mtoto wa shangazi, msomaji mita tunaswali naye msikiti mmoja, utingo wa gari ni jirani wa mtaa wa pili. Kumwuliza mtu huyo “mbona umenizidishia?” kunaonekana kama kumvunjia heshima mbele za watu. Basi tunanyamaza, tunalipa, tunakwenda kunung'unika barazani. Muhali umetuwezesha kuishi pamoja kwa wema katika visiwa vidogo, na hatutaki ufe. Lakini ukiingia katika hesabu za fedha unageuka kuwa kodi ya watu wapole. Anayenyamaza hulipa zaidi, anayepiga kelele hupunguziwa, na ofisi hujifunza kuwatoza zaidi wanyamazao.

Wala dini yetu haikutuamuru tunyamaze. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wale wanaopunja vipimo, na katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasib, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka sokoni akiyakagua mizani na vibaba. Mnunuzi aliyempelekea lalamiko hakuitwa mkorofi.

Watu wazima wataikumbuka enzi ya bei zilizopangwa. Tanzania Bara ilikuwa na Tume ya Bei kwa sheria ya mwaka 1973, na mnunuzi aliweza kuinyooshea kidole orodha ya bei dukani, ijapokuwa mara nyingi bidhaa yenyewe haikuwapo rafuni. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ikafunguliwa, huku Visiwani na kule Bara. Bidhaa zikajaa, na ile orodha ikaondoka ukutani. Kilichopaswa kushika nafasi yake ni sheria ya kumlinda mnunuzi, na sheria hiyo imekuja. Zanzibar ilipitisha sheria ya biashara halali na kumlinda mtumiaji mwaka 1995. Mwaka 2018 ikapitishwa nyingine, Namba 5 ya mwaka huo, ambayo chini yake inafanya kazi Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Kwa maji, umeme na mafuta ipo ZURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kwa simu, ambazo nazo hukata salio la watu kwa huduma ambazo hawakuziomba, ipo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo mamlaka yake yanafika Unguja na Pemba. Ndugu zetu wa Mafia, ambao ni sehemu ya Bara, wana EWURA yao na Tume ya Ushindani iliyotokana na sheria ya mwaka 2003.

Fikra yenyewe haikuanzia kwetu. Rais Kennedy wa Marekani alilihutubia Bunge lake kwa maandishi tarehe 15 Machi, 1962, akataja haki nne za mtumiaji: usalama, kupewa habari, kuchagua, na kusikilizwa. Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo yake mwaka 1985. Katika haki nne hizo, kuchagua ndiko kusiko na maana kubwa kwa mteja wa maji wa visiwani, kwa sababu bomba ni moja na mwenye bomba ni mmoja. Hawezi kuhamia kwa mwingine. Ndiyo maana ile ya nne, ya kusikilizwa, kwake inapasa kuwa na nguvu maradufu.

Iko mifano inayoonyesha kwamba kusema kunasaidia. Ilipoanza tozo ya miamala ya simu mwezi Julai 2021, wananchi hawakulalamikia barazani tu. Walisema redioni, magazetini na mbele ya viongozi, wakionyesha makato ya muamala kwa muamala. Kabla ya mwaka huo kwisha, tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Tozo ile ilikuwa ya kisheria, iliyopitishwa na Bunge. Ikiwa hata sheria iliweza kurejewa kwa sababu watu walionyesha hesabu, hati ya maji iliyokosewa na karani itashindikana vipi kurejewa?

Lakini kunung'unika hakutoshi, na hapa tunazungumza na wasomaji wetu. Mwenye mita na awe na daftari. Kila mwisho wa mwezi aandike namba anayoiona, na tarehe. Hati inapokuja, atoe namba ya zamani katika namba mpya, azidishe kwa bei ya uniti, aone kama jibu linalingana. Lisipolingana, asiende kugombana na karani, ambaye mara nyingi hana uwezo wa kubadili kitu. Aandike barua, hata ya mistari mitano, aambatanishe nakala ya hati, na abaki na nakala yake iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Ile sehemu ya deni asiyoibishia ailipe kwa wakati na adai stakabadhi, ili isije ikasemwa kwamba anakimbia kulipa. Akikaa bila ya jibu, barua hiyohiyo na mhuri huohuo ndiyo atakayoipeleka kwa mdhibiti. Maneno ya mdomo hayafiki huko, humalizikia dirishani.

Kazi hii si nyepesi kwa bibi asiyejua kuandika, wala kwa mvuvi wa Kojani anayepoteza siku nzima ya bahari ili afike ofisini. Masheha wanaweza kuwasaidia watu wa namna hiyo kuandika na kupeleka malalamiko yao. Hilo lingekuwa na faida kubwa kuliko baadhi ya vikao tunavyovisikia vikiitishwa.

Kwa wenye dhamana tuna maombi machache, nayo hayahitaji msaada wa nchi yoyote ya nje. Bei ya uniti, viwango vya ushuru na nauli viandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na vibandikwe mahali fedha inapopokelewa. Kila dirisha liwe na daftari la malalamiko lenye namba na tarehe, na mkubwa wa ofisi alifungue kila wiki. Hati iliyotolewa kwa kukisia iandikwe waziwazi kwamba imekisiwa. Na mteja ambaye lalamiko lake limepokelewa na halijajibiwa asikatiwe maji wala umeme kwa ajili ya sehemu anayoibishia. Ikionekana baadaye kwamba alikuwa anadanganya, alipe yote na gharama juu yake; hatutamwombea msamaha.

Tunajua kwamba mashirika yetu yanadai fedha nyingi, na kwamba miongoni mwa wadaiwa sugu wamo watu wakubwa na ofisi kubwa. Tunajua pia kwamba wako wanaojiunganishia umeme usiku na kulala usingizi mnono. Hao wafuatwe bila ya huruma. Lakini pengo wanaloliacha lisizibwe kwa kumkisia mjane wa Ng'ambo ndoo 100 kwa siku.

Ubao wa viwango ukianza kuonekana bandarini Malindi tutafurahi. Tungependa hata hivyo uanzie Mkoani na Wete, ambako abiria hufika usiku au alfajiri, amechoka kwa bahari, na ofisi ya kuuliza imefungwa.