Mchezo wa Linyekula uletwe kwa familia zilizokimbia Lubunga

Kila mara tukitaja familia zilizokimbia, tunaongea unga, maturubai na dawa. Ni haki yao. Lakini kuna kitu kingine tunakisahau, na mtu wa kukileta tunaye hapa Kisangani.

Faustin Linyekula ni mtoto wa Ubundu, amezaliwa mwaka 1974. Wengi wanamjua kama mcheza ngoma tu, lakini anaongoza pia michezo ya jukwaani. Alianzia kazi Nairobi, akaunda Studios Kabako kule Kinshasa mwaka 2001, na mwaka 2006 akaihamishia Kisangani. Vijana wetu wanatafuta njia ya kutoka, yeye anarudi!

Mwaka 2009 aliongoza Bérénice, mchezo wa Racine, katika Comédie-Française kule Paris, nyumba ya teatri iliyoanza mwaka 1680. Habari yake ni hii: Titus amepata utawala wa Roma, anampenda malkia Bérénice, lakini Roma haimtaki kwa sababu ni mgeni. Basi anamwambia aende zake. Hakuna anayeuawa. Mtu anaondolewa tu mahali alipozoea kupaita kwake. Baadaye Linyekula aliirudia habari hiyo pamoja na waigizaji Wakongomani, wakaipeleka Avignon mwaka 2010.

Sasa tazama Lubunga, ng'ambo ya mto. Tangu Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu, nyumba zimechomwa, na familia nyingi zikavuka kuja huku. Neno "wewe si wa hapa" sisi tunalijua kuliko watu wa Paris.

Ndiyo maana naomba habari hiyo ichezwe mbele ya familia hizo, kwa Kiswahili na Lingala, bila kiingilio, makabila yote mawili yakiwa yamekaa pamoja. Mtaniambia mwenye njaa hatazami mchezo. Mbona anakwenda kanisani, anakwenda kutazama mpira, anaimba kwenye matanga? Mikutano ya usuluhishi tumeiona: wakubwa wanaongea tangu asubuhi, mama aliyeunguziwa nyumba anapewa dakika mbili mwishoni. Jukwaani mama huyo anaweza kusema hadi amalize.

Jimbo litoe ukumbi na ulinzi kwa wanaovuka mto. Linyekula na wenzake waombwe rasmi, kwa barua, kabla hawajasafiri tena.