Utulivu Mnaotusifia

Mgeni akishuka stendi ya Kange jioni, akapanda bajaji kuingia mjini, hafiki mbali kabla hajasema: "Aisee, mji wenu umetulia." Analisema kwa wema. Ametoka Dar es Salaam, kiuno kimekufa ganzi kwa safari, sasa anaona miti mikubwa, anapigwa na upepo wa bahari, anaona mama amevaa baibui yuko juu ya baiskeli na mwanawe nyuma kwenye keria, hakuna anayempigia honi. Moyo wake unapoa. Nasi, kwa malezi tuliyolelewa, tunamjibu, "Ahsante, karibu Tanga." Neno hilo tumelipokea miaka mingi kama sifa. Leo tunataka kusema kwa nini linatuchoma.

Sisi ni watu wa kawaida wa jiji hili. Muuza mihogo wa Makorora, fundi baiskeli wa Ngamiani, mwalimu wa Mikanjuni, kuli wa bandarini, mstaafu anayekunywa kahawa chungu kila alfajiri kwenye benchi lile lile. Hatukutumwa na chama chochote. Tunanung'unika kijiweni, barazani, msibani baada ya kuzika, kila mtu kwa lake, lakini ukitega sikio utasikia ni lalamiko moja: mji huu ulikuwa na kelele, na kelele ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kwa miche hiyo michache, nchi yote kutoka pwani hadi Korogwe na kupita ikageuka shamba. Mwaka 1964 mavuno ya nchi yalifikia tani zipatazo 230,000, nasi tulikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Mkonge ulikuwa ukishuka kwa reli, unaingia bandarini, unapakiwa, na fedha yake inazunguka kwenye maduka ya Ngamiani mpaka kwa muuza maandazi. Baada ya uhuru vikaja viwanda: cha mbolea, cha chuma, vya sabuni, vya mbao, vya kamba na magunia. Mstaafu wetu wa kwenye benchi alikuwa kijana wa zamu. Anasema king'ora cha kiwanda kilikuwa ndiyo saa ya mtaa mzima. Kikilia alfajiri, wake za watu walijua chai iwe mezani, na barabara zilijaa baiskeli kama siafu, kengele zinalia mbele na nyuma, wanaume wanaitana majina. Ukitaka kuvuka, unasubiri wapite.

Baiskeli mnazozisifia leo ni masalia ya msafara ule.

Hatusemi kwamba alikuja mtu mmoja akaua mji. Kamba za nailoni ziliingia sokoni na bei ya mkonge ikaporomoka. Mashamba yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 yalikosa matunzo. Viwanda vikaanza kukosa spea, vikakosa malighafi, vikakosa umeme wa uhakika, zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Kiwanda cha mbolea kilichoanza miaka ya 1970 kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vingine vilibinafsishwa, na leo ukipita eneo la viwanda unakuta ukuta mrefu, geti lenye kutu, na mlinzi mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki. Ndani kuna maghala, au kuna majani. Treni ya abiria nayo ilikoma. Iliporejea Desemba 2019 kutoka Dar kwenda Moshi tulishangilia kama wenzetu, lakini ile inakata njia, inapita Korogwe na kupanda kaskazini, haishuki huku pwani. Kuna vijana wa Tanga wenye miaka thelathini hawajawahi kupanda treni katika mji ambao Wajerumani walianza kuujengea reli mwaka ule ule wa mkonge, 1893.

Haki isemwe: saruji bado inatoka Pongwe, chokaa bado inachomwa, mkonge nao umeanza kupandwa upya. Hatujafa. Lakini mtu aliyepungukiwa damu akilala, usimsifie kwamba ana usingizi mzuri.

Sasa tuje kwenye maisha ya siku kwa siku, maana huko ndiko tunakoumia.

Mwaka 2005 tulipandishwa hadhi tukawa Jiji. Tulicheza ngoma. Hatukujua kwamba kwa mfuko wa mtu wa kawaida, hadhi ingeanza kuonekana kwenye kodi na ushuru kabla ya kuonekana kwenye mshahara. Mwenye nyumba anakwambia, "Hapa ni mjini, lipa miezi sita." Fremu ya duka inapangishwa kwa macho ya mjini, ila wateja wanaopita mbele ya fremu ni wale wale, na ikifika tarehe 20 wote wanakopa. Daftari la madeni la muuza duka wa mtaani ni nene kuliko daftari la mauzo. Yeye anamdai mwalimu, mwalimu anamdai jirani, jirani anasubiri mzigo bandarini. Sensa ya 2022 imetuhesabu karibu laki nne. Laki nne ni watu wengi: wengi wa kutosha kugombania kibarua kimoja, lakini wachache mno, inaonekana, kwa mwenye mtaji kuona faida ya kufungua kiwanda.

Na kila jambo zito linaishia na maneno mawili: "Nenda Dar." Ugonjwa ukikaza, unapewa rufaa ya Dar au Moshi. Spea ya mashine haipo, iagize Dar. Usaili wa kazi, Dar. Karatasi fulani isainiwe, aliyeisaini mara ya kwanza amehamishiwa Dodoma. Ni kilomita zipatazo 350 hadi Dar, kwa kuzunguka Segera na Chalinze, na mwenye mgonjwa hazihesabu kwa kilomita. Anahesabu nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha njiani, shemeji atakayewapokea Mbagala na jinsi ya kutomchosha, siku ngapi genge litakaa limefungwa. Mmoja wetu alimpeleka mama yake kwa kipimo cha dakika ishirini. Wakakaa siku tisa. Alipoulizwa kijiweni kipimo kiligharimu kiasi gani alisema kipimo si kitu, kilichonimaliza ni kusubiri.

Ndiyo maana tunashukuru kwa nusu moyo wanapotuambia maisha ya mji wa kati ni nafuu. Samaki ni nafuu, ndiyo. Nazi ziko, mihogo iko, maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani tumejaaliwa kuliko miji mingi, na hilo tunalisema kwa fahari. Nafuu hiyo hudumu mpaka siku unapohitaji kitu ambacho hakivuliwi wala hakichimbwi hapa.

Kuna jambo jingine, na hili hutuuma kimya kimya. Jina la Tanga likitajwa kokote, watu wanacheka mahaba. "Mapenzi yalizaliwa Tanga." Binti yetu akipata kazi ofisini Dodoma, wiki ya kwanza ataulizwa anajua kukanda mgongo kwa mafuta gani, na kama kwao kuna dawa ya kumfunga mume. Kijana akioa huko, mama mkwe anaonywa, "Mwanao kalogwa." Tunajua kuna waliojenga mzaha huo kwa nia ya sifa, na sisi wenyewe tumewahi kuuchekea. Lakini mji huu ndio uliomlea Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Ni mji wa Coastal Union iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988. Ni mji wa mabaharia, mafundi mitambo, walimu wa madrasa, wanawake waliosomesha watoto wanane kwa vitumbua. Kutubakizia khanga na uturi peke yake ni kutuambia kwamba hatuna la kuchangia ila kuwaburudisha wengine. Binti yule alisoma uhasibu, jamani.

Na watoto wenyewe ndio hao, wanaondoka. Msemo wa zamani wa "Tanga, waja leo waondoka leo" ulikuwa wa wageni. Siku hizi unawahusu wenyeji. Mtoto akifaulu kidato cha sita anakwenda chuo Dar, Morogoro au Dodoma. Asipofaulu, anakwenda Dar kubeba mizigo Kariakoo. Njia ni mbili, basi ni moja. Anarudi Idi, amenenepa kidogo au amekonda, anakaa siku tatu, anasema mji umetulia kama mgeni yule wa bajaji, anaondoka. Barazani tunabaki wazee na wajukuu. Timu ya mtaa ya mpira haifiki watu kumi na mmoja wenye umri mmoja. Na mji wa kiasi hiki ni mji wa kujuana. Mtu akiondoka pengo linaonekana, si kama kule ambako mpangaji wa chumba cha pili anahama usiku na hakuna anayeuliza. Hapa dereva wa bodaboda anajua jina la mama mkwe wako. Ukiugua Jumatatu, Jumanne uji umeshaletwa na majirani watatu. Kwa hilo hatubadilishani na mtu yeyote. Ila kujuana huko huko kukiingia kwenye nafasi ya kazi, mtoto asiye na mjomba ndani hukaa nje na cheti chake kwenye bahasha mpaka bahasha inageuka rangi.

Sasa tunaambiwa tuvumilie, fursa zinakuja. Kweli, bandari imepanuliwa. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, karibu kilomita mbili, mizigo ikaletwa ufukweni kwa matishari. Leo kina kimechimbwa, gati lina urefu wa mita 450, na meli inafunga kamba papo hapo. Tunaona kwa macho yetu na tunafurahi. Bomba la mafuta ghafi nalo, la kilomita 1,443 kutoka Uganda, linaishia Chongoleani, ng'ambo tu ya ghuba. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017, na tangu siku ile neno "fursa" halijatoka midomoni mwa viongozi.

Tunaomba tuulizwe sisi fursa imefika wapi. Ilifika kwanza kwa madalali wa viwanja. Ikafika kwa wenye nyumba, waliopandisha kodi kwa kumtazamia mpangaji wa bomba ambaye wengine hawakumwona. Kwa vijana wetu ilifika kama kazi ya miezi sita ya kubeba, kuchimba na kulinda, kwa sababu cheti cha uchomeleaji kilichotakiwa hawakuwa nacho, na aliyekuwa nacho alitoka mji mwingine. Si kosa lake. Kosa ni kwamba miaka yote tuliyokuwa tukiambiwa bomba linakuja, mtoto wa Duga na wa Chumbageni alikuwa wa kufundishwa hiyo kazi hapa hapa, mapema, kwa bei ambayo baba yake angeimudu. Bomba likishazikwa, mafuta hayahitaji watu wengi. Yanatiririka. Hilo ndilo linalotukosesha usingizi: tusije tukapitiwa na utajiri chini ya miguu yetu kama treni inavyotupita Korogwe.

Tunaloomba si mnara. Wale wanaopanga mitaro wapange kabla ya masika, maana Ngamiani ikijaa maji choo na jiko vinakuwa kitu kimoja. Baiskeli zipewe njia yake, sasa malori ya mizigo yameongezeka na watoto wanakwenda shule ukingoni mwa lami. Majengo ya viwanda yaliyokaa tupu wapewe watu wenye mashine, hata kama ni mashine ndogo, hata kama ni za kukamua nazi na kusokota kamba. Na wanapokaa kupanga, wakae hapa, waje wanywe kahawa.

Mstaafu wetu bado anaamka saa kumi na moja alfajiri. King'ora hakijalia zaidi ya miaka thelathini, yeye anaamka. Wiki iliyopita tulimwona anapita mbele ya benchi bila kusimama, anaendesha taratibu, begi la mjukuu limefungwa kwa mpira kwenye keria, na mjukuu mwenyewe anatembea pembeni ameshika tandiko. Tukamwita, "Mzee, kahawa!" Akainua mkono bila kugeuka. Walikuwa wanawahi basi la kwanza, Kange.